Kwa wageni wa chumba cha mazingira: jua la Forodhani halichomozi baharini

Jana jioni humu chumbani, tunamojenga majumba na mitaa ya mchezo wetu wa kompyuta, nilipita nyuma ya kiti cha mmoja wenu nikaiona Forodhani kwenye skrini. Majahazi, minazi, maji yanameremeta, na jua linachomoza taratibu kutoka baharini. Pazuri mno. Nikashika mgongo wa kiti, nikahesabu kimoyomoyo mpaka kumi, nikaenda kuchemsha chai.

Mji Mkongwe uko pwani ya magharibi ya Unguja. Ukisimama Forodhani ukaangalia maji, jua linazama mbele yako. Likichomoza linachomoza mgongoni, upande wa Darajani na Ng'ambo. Ili lichomoze pale ulipoliweka, lingebidi litokee Bagamoyo.

Wewe ni wa tatu. Wa kwanza alifanya hivyo hivyo mwaka juzi, wa pili mwaka jana, na wote walikuja na jibu lile lile: "Dada, lakini linapendeza." Najua linapendeza. Sasa nimechoka kuhamia kiti hadi kiti nikisema maneno yale yale, na nyinyi mmechoka kuniona nimesimama nyuma yenu na kikombe kama msimamizi wa mtihani. Naandika mara moja. Ninachukulia injini, ile programu inayoendesha mchezo, mnaijua, bildi (toleo la mchezo la kujaribia) mnajua kuitoa, na mnajua kwamba anayevunja bildi Ijumaa jioni ndiye anayebaki Ijumaa jioni.

1. Tarehe kwanza, modeli baadaye.

Mchezo wetu ni wa tarehe 27 Agosti 1896, siku Waingereza walipoyapiga kwa mizinga majumba ya Sultani. Si "Zanzibar ya zamani". Zanzibar ya zamani haipo. Ipo ya 1873, ipo ya 1896, ipo ya 1964, na kila moja ina kuta zake. Kabla hujafungua programu ya modeli, andika mwaka kwenye jina la faili, halafu jiulize hicho unachokijenga kilikuwepo siku hiyo.

Bustani ya Forodhani haipo. Ile ni ya miaka ya 1930, iliandaliwa kwa jubilei ya Sultani Khalifa. Mahali penyewe panaitwa Forodhani kwa sababu palikuwa pa forodha: mizigo, makarani, wachukuzi, pembe, magunia. Aliyepanda nyasi pale aziondoe kabla sijafika kesho. Jengo la soko la Darajani halipo, ni la 1904. Na Darajani palikuwa na daraja kweli, jamani. Jina halikutoka hewani. Mkono wa bahari ulipita pale ukautenga mji na Ng'ambo, na maji yakijaa Mji Mkongwe ulikuwa karibu kuwa kisiwa. Barabara mnayoijua leo imelala juu ya kifusi kilichojaziwa humo. Kanisa la Minara Miwili kule Shangani lilianza kujengwa 1893 na mwezi Agosti 1896 lilikuwa halijamalizika, kwa hiyo nataka majukwaa ya miti, mafundi, na minara isiyokamilika. Ngome Kongwe iko salama: Waomani waliijenga baada ya kuwatoa Wareno mwishoni mwa karne ya 17. Iacheni.

Nyaya za umeme, madishi, mapipa ya plastiki, viyoyozi: mmekwisha kuambiwa.

Halafu kadi za posta mnazotumia kama marejeo. Muhuri wa posta unakuambia kadi ilitumwa lini. Picha iliyo juu yake huenda ilipigwa miaka kumi kabla.

2. Saa.

Hapa ni lazima nicheke kidogo. Mmoja wa vijana wetu, mzaliwa wa Tanga, Kiswahili cha kunyonya titini, alisoma kwenye kumbukumbu za Waingereza kwamba muda wa mwisho aliopewa Sayyid Khalid bin Barghash, aliyejitangaza Sultani, aondoke ikulu ulikuwa 9:00. Akaandika kwenye jedwali la mwanga: saa tisa. Wenzake wakafuata jedwali. Tukapata vita ya alasiri, jua linashuka baharini, kuta zote za majumba ya Sultani zina rangi ya dhahabu, vivuli virefu. Wiki nzima hakuna aliyegutuka, nami nikiwemo; nilipitisha mwanga ule kwa sahihi yangu.

Ilikuwa saa tatu asubuhi. Mizinga ikaanza dakika chache baadaye, na yote yakaisha ndani ya muda usiofika saa moja. Wengine wanahesabu dakika 38. Saa tatu asubuhi jua liko upande wa nchi kavu, nyuma ya majumba. Maana yake sura za majumba zinazotazama bahari ziko kivulini, na mabaharia wa Kiingereza waliokuwa kwenye meli zao bandarini walikuwa wakitazama kuelekea kwenye jua. Hiyo ni picha tofauti kabisa. Ina moshi unaopenywa na mwanga kutoka nyuma. Ni nzuri kuliko ile ya dhahabu, lakini hata ingekuwa mbaya tungeiweka.

3. Boriti ndiyo mita yako.

Injini inakupa gridi ya mita nne na wewe unaikubali kama amri ya serikali. Kuta za mji huu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, nene nusu mita na zaidi, na dari imebebwa na boriti za mikoko. Mkoko una urefu wake: ukipata mita tatu hivi ya mti ulionyooka na wenye nguvu, shukuru. Ndiyo maana vyumba ni vyembamba na virefu. Mti wa kule kwenye delta ya Rufiji ndio uliopanga sebule ya tajiri wa Kiponda. Ukijenga chumba cha mraba cha mita sita kwa sita bila nguzo, umejenga ukumbi wa harusi wa Sinza.

Seti yetu ya vipande iko kwenye mita 2.8. Msiibadilishe. Na kona za kuta zisiwe kali, chokaa hailali hivyo.

4. Vichochoro na kamera.

Mtapanua, najua. Kila mtu anapanua. Kamera ya mgongoni inahitaji nafasi, na vichochoro vya Mkunazini vingine ukinyoosha mikono unagusa kuta za pande zote mbili. Kamera inaingia ukutani, mchezaji anaona ndani ya nyumba ya watu kama jini. Panueni kidogo sehemu za mapigano, kwingine shusheni kamera isogee begani. Ila msinyooshe. Kichochoro kikipinda kinampa mchezaji sababu ya kwenda mbele, na kinaipa kadi ya michoro nafasi ya kupumua, maana huchori usichokiona. Wale mafundi wa karne ya 19 walitupunguzia mzigo bila kujua.

Kolisheni ya baraza, yaani umbo lisiloonekana linalomzuia mchezaji kupenya, iwe mteremko mdogo, si ukuta. Mtu lazima aweze kuparamia baraza na kutembea juu yake. Watu wa pale ndivyo wanavyofanya mvua ikinyesha na kichochoro kikageuka mto.

5. Mnara.

Mmesikia mzaha wa mnara. Kila mgeni anausikia wiki ya kwanza, na kila anayeusimulia anaongeza chumvi yake. Haya, sikieni kwangu mwenyewe.

Mwaka 2019 nilikuwa kwenye studio nyingine, ndogo kuliko hii, na ndiyo mara ya kwanza nilipewa cheo cha kuongoza mazingira. Mchezo ulikuwa wa siku hiyo hiyo ya 27 Agosti 1896. Mimi na hiyo tarehe tumeandikiana. Nikaamua kuanza na Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu la pale Forodhani. Nani asingeanza nayo? Sayyid Barghash aliijenga 1883, ghorofa zake zilizungukwa na roshani zilizobebwa na nguzo za chuma, ndiyo nyumba ya kwanza mjini kuwaka umeme, na ile saa juu ya mnara wake ilikuwa ikionekana tangu ukiwa kwenye boti. Nikavuka na kamera. Siku mbili. Nilipiga picha zaidi ya elfu moja: nikiwa Forodhani, nikiwa juu ya ukuta wa Ngome, nikiwa ndani ya ngalawa niliyoikodi kwa hela yangu kwa sababu mhasibu alisema ngalawa si kifaa. Nikarudi Dar, nikazilisha programu, nikapata modeli ambayo ukiisogelea unaona kutu kwenye reli ya roshani. Nililia. Nasema kweli, saa nane za usiku, peke yangu ofisini.

Kuanzia hapo sikumsikiliza mtu.

Misheni ya tatu yote ilijengwa juu ya modeli ile. Mhusika wetu, kijana mpagazi wa forodha, anaingia Beit al-Ajaib usiku, anapanda ngazi, anatokea juu kwenye saa, na kutoka pale anaona meli za Kiingereza zimejipanga bandarini. Kila meli tuliipanga kwa kupima mstari wa macho kutoka kwenye ile saa. Waigizaji wakarekodi sauti: "Nipo juu ya saa, nazihesabu." Tuliurekodi mstari ule mara nane mpaka ukatetemeka vizuri.

Nilikuwa na picha za zamani. Hapo ndipo panaponiuma. Singesema sikujua, kwa sababu folda ya marejeo niliiunda mwenyewe, ina picha za miaka ya 1880 na 1890, za akina Gomes na Coutinho na wengine, na kwenye baadhi yake mnara unaonekana wazi. Umesimama chini. Peke yake. Mbele ya jumba, upande wa maji. Nilizitazama picha zile pengine mara mia na kila mara macho yangu yaliuokota mnara yakaupandisha juu ya nyumba, kwa sababu kichwani mwangu ndiko ulikokuwa.

Kulikuwa na binti mmoja, mwezi wake wa pili kazini. Mpole, anaandika kila kitu kwenye daftari. Katika kikao cha asubuhi akanyoosha kidole. "Dada, samahani. Kwenye picha hii mnara uko chini karibu na bahari. Wetu mbona uko kwenye nyumba?"

Nikamjibu bila hata kugeuka kutoka kwenye skrini: "Ni lenzi za zamani. Zilikuwa zinasogeza vitu."

Lenzi za zamani! Niliitunga fizikia pale pale, kwa sauti ya mtu aliyeisomea. Na yule binti akaandika kwenye daftari lake. Nilimwona. Aliandika "lenzi za zamani husogeza vitu" akapigia mstari chini.

Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib ikaporomoka, mnara ukaanguka, watu wawili wakafa. Nililia tena, safari hii kwa haki. Lakini nitawaambia na lingine ambalo si la kujivunia: baada ya siku chache nilianza kujiona mlinzi wa urithi. Mimi nilikuwa nayo nzima, ndani ya diski yangu. Watu wakaniandikia kuomba waione. Nikaanza kusema "modeli yetu ni sahihi kwa sentimita". Ilikuwa sahihi kwa sentimita, kweli. Sentimita za 2019.

Mwaka uliofuata tukaipeleka kwenye maonyesho huko huko Unguja. Meza moja, skrini kubwa, watu wamejaa. Wazee wanaiona nyumba imesimama tena, wengine wanatoa simu wanarekodi. Akaja mzee mmoja wa kanzu na kofia ya kiua, akakaa, akakataa kushika vidhibiti, akaomba mimi nimtembeze. Nikamtembeza dakika kumi. Akawa anasema "Mashaallah" kila kona. Akanisahihisha jina la kichochoro kimoja, nikacheka, nikaandika. Kisha nikamtoa nje, nikaigeuza kamera taratibu ili jumba lote litokee na saa juu yake, hapo ndipo watu huwa wanapiga makofi.

Mzee akasogea mbele. "Mwanangu, hii si siku ya vita vya Sayyid Khalid?"

"Ndiyo, mzee wangu. Asubuhi yake hasa."

"Basi huu mnara umepanda lini juu ya nyumba?"

Sikuelewa. Akanieleza kwa upole ambao sijausahau, kama anayemweleza mjukuu aliyevaa kiatu mguu siyo. Mnara wa taa ulikuwa mbele ya jumba, umesimama peke yake ukingoni mwa bahari. Mizinga ya Waingereza ndiyo iliyouharibu asubuhi hiyo hiyo. Vita ilipokwisha ndipo Beit al-Ajaib ikatengenezwa upya, mwaka 1897, na mnara wa saa ukaunganishwa na uso wa jumba. Mnara niliompandisha kijana wangu wa forodha ili aione vita ulijengwa kwa sababu ya vita.

Lile daftari ndilo lililonijia kichwani. Hata sikumkumbuka mzee wala mchezo. Nililiona daftari na mstari uliopigwa chini.

Ilituchukua wiki 11. Kushusha mnara haikuwa kazi kubwa; ni modeli tu, unaikata. Kazi ilikuwa kila kilichoegemea juu yake: ngazi za ndani, mistari ya macho, nafasi za meli, ramani ya vivuli, mazungumzo. Mwigizaji wa "nipo juu ya saa" alikuwa amehamia Arusha na sauti yake ilikuwa imebadilika kwa mafua. Na nyumba yenyewe bila mnara ikawa na uso mwingine ambao hakuna hata picha moja ya kwangu iliyokuwa nao. Ikabidi nirudi kwenye folda ile ile ya picha za zamani, nizitazame sasa kwa macho. Kwenye ripoti ya wawekezaji niliandika "uboreshaji wa usahihi wa kihistoria". Mtu akiwaletea ripoti yenye maneno hayo, muulizeni alikosea nini.

Misheni ilipona. Kijana sasa anapanda mnara wa taa, ule ambao mabaharia wa Kiingereza walikuwa wakiuita mti wa Krismasi wa Sultani kwa safu za taa zake, na mchezaji anayeijua historia anapanda akijua saa nne haitaukuta umesimama salama. Ni bora kuliko ile ya kwanza. Siwezi kujisifu nayo, maana aliyeiona kwanza ni yule binti. Aliacha kazi mwaka uliofuata akaenda kusoma usanifu wa majengo. Siku ya kumuaga, tukiwa tunakata keki, nikamwambia, "Ile siku ya lenzi, nilikuwa na haraka." Hiyo ndiyo radhi niliyoiomba. Akatabasamu akasema, "Hakuna shida, Dada." Nilikuwa na haraka! Hata radhi niliitungia fizikia.

Mtaniambia mchezo wa Assassin's Creed Unity wa 2014 nao ulilipa kanisa la Notre-Dame mkuki, ule mnara mwembamba uliochongoka, wa msanifu Viollet-le-Duc wa karne ya 19 ndani ya Paris ya mapinduzi, na watu wakaupenda. Naam. Wale walijua. Walichagua kuweka kanisa ambalo mchezaji wa leo angelitambua. Unaruhusiwa kuchagua hivyo hapa pia, njoo tubishane, tuandike kwenye hati ya mradi. Mimi sikuchagua kitu.

6. Usisahihishe mji.

Kwenye kanisa la Waanglikana la Mkunazini, lile lililojengwa palipokuwa na soko la watumwa baada ya soko kufungwa 1873, kuna nguzo ndogo karibu na mahali pa ubatizo ambazo zimesimamishwa juu chini. Husimuliwa kwamba Askofu Steere, aliyesimamia ujenzi, alikuwa safarini na mafundi hawakuwahi kuona nguzo za namna ile. Mwezi uliopita mtu fulani humu ndani alizigeuza zikakaa sawa, akaandika kwenye maelezo ya mabadiliko: "Nimerekebisha hitilafu ya modeli." Nimezirudisha. Ukiona kitu kimepinda, uliza kabla ya kunyoosha.

7. Milango.

Mlango mmoja umenakiliwa mara 40 mtaa mzima wa Hurumzi. Nimehesabu. Kuna ya fremu iliyonyooka juu, kuna ya juu yenye tao, kuna ya Kihindi ya mbao zinazokunjwa ya watu wa Gujarat, na njumu za shaba hazikai kila mlango kwa idadi ile ile. Mlango unasema nani anakaa ndani na ana nini. Fanyeni angalau 12. Na mfaa, ule mti wa katikati, uwe kwenye ubao mmoja tu. Nimeona mlango wenye mifaa miwili, ule haufungiki.

8. Sauti.

Adhana ya 1896 haina kipaza sauti. Nawaomba. Yule aliyerekodi adhana ya alfajiri mwaka huu kwa simu, rekodi nzuri, ina mwangwi wa spika tatu zinazopishana na pikipiki moja. Mwadhini alitumia koo lake, na misikiti mingi ya mji huu haina hata mnara. Unaupita bila kujua kama hujaona viatu mlangoni. Wa Malindi una mnara wake wa duara unaochongoka, huo uwekeni na uonekane.

Kunguru: kulikuwa na mjadala mkali wiki iliyopita kama tuwaondoe. Hawa kunguru weusi wenye shingo ya kijivu waliletwa kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19 wale taka za mji. Tumebaki nao, ila wachache. Bado hawajazaana mpaka kuwa serikali kama leo.

Muuza kahawa na milio ya vikombe vyake: ndiyo. Iwe mbali kidogo, ikaribie, ipotee. Mchezaji atamfuata bila mshale wowote kwenye ramani. Jaribuni.

9. Kanga, na watu kwa jumla.

Kanga zisiwe na maandishi ya herufi za Kirumi, mwaka huo bado. Nani aliandika "Hasidi hana sababu" kwenye mgongo wa mpita njia wa 1896? Nilicheka mpaka machozi, halafu nikafuta.

Kwenye misikiti na makanisa hatupigani ndani. Mwaka 2007 kule Uingereza, Kanisa la Anglikana liliwalalamikia Sony kwa sababu ya mapigano ya risasi ndani ya Manchester Cathedral kwenye mchezo wao mmoja, na Sony wakaishia kuomba radhi. Wale walikuwa na mawakili. Sisi tuna mhasibu kama yule wa ngalawa. Kabla hujafungua ndani ya jengo lolote la ibada, tunaenda kuongea na wenyewe, tunakunywa kahawa yao, tunasubiri jibu. Kwa majengo mengine pitieni Mamlaka ya Hifadhi ya Mji Mkongwe. Mji uko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2000 na kule wana michoro ambayo ingewaokoa miezi.

Na jambo hili nilitaka kuliweka juu kabisa likateleza mpaka huku. Ule mripuko wa Beit al-Hukm, jumba la Sultani lililokuwa jirani na Beit al-Ajaib, mlioutengeneza ni mzuri kiufundi. Chembechembe nzuri, mbao zinaruka vizuri. Lakini Jumatano mlikuwa mnaurudiarudia mnashangilia. Upande wa Khalid wamehesabiwa watu kama 500 waliouawa au kujeruhiwa ndani ya dakika zile. Ndani ya majumba yale kulikuwa na watumishi, walinzi, watumwa, watu waliokuja kwa sababu waliitwa. Yale majengo yalikuwa na mbao nyingi, yaliwaka. Sisemi msifanye kazi. Nasema mchezaji akiwa pale, kamera isimwonyeshe mripuko kwanza. Imwonyeshe baraza ambayo dakika tano zilizopita ilikuwa na wacheza bao, kete bado ziko shimoni. Moshi uje baadaye. Na meli ya Sultani, Glasgow, ikizama, izame kwenye maji mafupi, milingoti ibaki juu. Ilibaki hivyo miaka.

10. Kutembea.

Jumatatu tunavuka. Boti ya saa moja asubuhi, muwe bandarini saa kumi na mbili na nusu, na kitambulisho, si picha ya kitambulisho. Viatu vya kutembelea. Kamera siku ya kwanza mnaacha hotelini, wote, na simu zinakaa mfukoni. Mtatembea kutoka Malindi mpaka Vuga bila ramani, mtapotea, na mkipotea mtauliza watu walio barazani kwa shikamoo kwanza na swali baadaye. Jioni kila mtu atanichorea kwa penseli njia aliyopita. Mchoro mbaya unakubalika. Daftari ni lazima, nitanunua mimi.

Wewe wa jua la jana, kiti cha kushoto: wewe tutaonana Forodhani saa kumi na mbili jioni. Urojo juu yangu. Utakaa ukitazama maji.